Meli Iliyozama kwa Mfuko wa Mtu wa Moding: Mombasa, Diani au Unguja?

Mtu wa Moding anayetaka kuvaa miwani ya maji aitazame meli iliyozama, kabla hajauliza nauli, aulize kina. Meli zinazotangazwa sana pwani ya Kenya zimelala chini mno kwa mtu anayeelea juu na bomba la kupumulia mdomoni. Ufukweni jambo hilo halisemwi waziwazi, na ndiyo sababu watu hulipa nauli ya boti wakaenda kuangalia maji ya buluu matupu. Naandika kwa ajili ya familia za huku mpakani mwa Uganda, za Moding, Kolanya, Amagoro, Malaba na Busia, ambazo zimeanza kuweka akiba ya Desemba, na ambazo zikishaiona bahari mwaka huu huenda zikakaa miaka kabla ya kuiona tena. Inauma kuona akiba ya mwaka mzima ikipotea kwa kukosa swali moja.

Kina chenyewe kinapimika hivi. Ukielea juu jua likiwa utosini na maji yakiwa safi, chombo kilicho mita tano chini yako unakiona hadi kutu yake na samaki wanaopenya madirishani. Kikiwa mita kumi unaona umbo lake, lakini rangi nyekundu imekwisha kumezwa na maji. Kikiwa mita ishirini na zaidi, umelipia kivuli. Picha nyingi zinazotutia hamu zimepigwa kwingine kabisa. Kule Tulamben, Bali, meli ya Marekani iitwayo Liberty ilipigwa kombora na nyambizi mwaka 1942, ikaburutwa hadi ufukweni, kisha mlipuko wa volkano ya Agung mwaka 1963 ukaitelezesha majini hatua chache kutoka kwenye mawe ya pwani. Aruba nako kuna Antilla, meli ya Kijerumani iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe mwaka 1940, imelala ubavu na sehemu yake ya juu karibu inagusa hewa. Pwani ya Afrika Mashariki ina meli nyingi zilizozama, ila zenye kina cha namna hiyo ni chache sana.

Tuanze na Mombasa, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakoelekea. Mbele ya Bamburi, nje ya mwamba, iko MV Dania, meli ya mita 80 iliyokuwa ikisafirisha mifugo. Ilizamishwa makusudi mwaka 2002 ili samaki na matumbawe wapate makao, na kazi hiyo imeifanya vizuri. Wapiga mbizi wanaisifu sana. Lakini imekaa kwenye mchanga karibu mita 30 chini. Diani hali ni hiyohiyo: Alpha Funguo, meli ya uvuvi iliyozamishwa mwaka huohuo wa 2002, iko kwenye kina cha karibu mita 28. Mtu akikuuzia safari ya Dania au Funguo kwa miwani na bomba, amekuuzia nafasi ya kukaa kwenye boti wakati wenzako wanashuka.

Ukiazimia kuzifikia hizo mbili, basi unanunua masomo. Cheti cha kwanza cha upigaji mbizi, kile wanachokiita Open Water, huchukua siku tatu au nne, na gharama yake hukaribia dola 500, yaani zaidi ya shilingi 60,000 za Kenya. Hata ukishakipata, kinakuruhusu kushuka mita 18 tu. Ili ufike mita 30 unahitaji cheti cha pili, chenye bei yake na siku zake. Kwa anayeanza sifuri, Dania ni mradi wa wiki nzima na zaidi. Ipo pia mbizi ya majaribio, ambapo mwalimu anakushikilia kwenye maji yasiyozidi mita 12, na bei yake hucheza kati ya dola 80 na 120. Hiyo hufanyika kwenye matumbawe na haikufikishi kwenye meli. Tena mpiga mbizi hapandi ndege mara tu anapotoka majini. Aliyezama mara kadhaa anashauriwa kusubiri angalau saa 18, kwa hiyo anayerudi nyumbani kwa ndege ahesabu usiku mmoja zaidi wa malazi. Mwenye miwani na bomba hana kikwazo hicho.

Kwa maoni yangu, kijana anayefanya kazi kwa mawakala wa forodha pale Malaba, asiye na karo ya kulipa na mwenye wiki mbili za likizo, afikirie masomo hayo kwa uzito. Cheti hakiishi muda wake, na atakitumia popote atakapokwenda. Kwa wazazi wenye watoto watatu shuleni, sioni njia ya kuyatetea.

Mombasa hiyohiyo ina meli nyingine ambayo huhitaji kulowana ili uijue. Santo António de Tanná ilikuwa manowari ya Wareno iliyoundwa India. Mwaka 1697 ilikuja kuwaokoa wenzao waliozingirwa ndani ya Ngome ya Yesu na majeshi ya Oman tangu Machi 1696, ikazama hapo mbele ya ngome. Wataalamu wa mambo ya kale waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980, na vitu vilivyotolewa kwenye tope vimewekwa katika jumba la makumbusho ndani ya ngome: vyombo vya udongo, zana za mabaharia, mali ya watu waliokuwa safarini. Raia wa Kenya mtu mzima amekuwa akilipa shilingi 200 kuingia, na mtoto chini ya hapo. Katika gharama zote nilizozipima kwa ajili ya makala hii, hakuna pesa inayorudisha thamani kubwa kuliko hiyo. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kusimama ukutani, akaelekeza kidole kwenye maji palipozama meli, kisha akaingia ndani akaona kilichotoka humo. Wakati maji yakiwa machafu kwa mvua, ngome iko wazi vilevile.

Kaskazini ya Malindi, huko Ngomeni, kuna mabaki mengine ya meli ya Kireno ya karne ya 16. Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya amekuwa akiyachunguza pamoja na watafiti wenzake kutoka ng'ambo, na wanadhani huenda ni São Jorge, mojawapo ya meli za safari ya mwisho ya Vasco da Gama mwaka 1524. Yako kwenye maji ya mita sita hivi. Kina hicho kingemfaa kabisa mtu wa miwani na bomba, na ndiyo maana nayataja: akitokea mwenye mashua wa kukupeleka huko kimyakimya, kataa. Ni mahali pa utafiti, na mabaki ya namna hiyo yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Kipande cha ubao au cha shaba kitakachookotwa na mgeni mmoja hakirudi tena mahali pake, na hadithi yake imepotea nacho.

Basi ni wapi mtu anaweza kuelea juu ya meli kihalali na akaiona? Mahali ninapopaamini ni Unguja. Karibu na Mji Mkongwe, kwenye mwamba wa Fungu, kuna Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za simu za baharini. Iliundwa mwaka 1870, ikapanda mwamba mkesha wa mwaka mpya wa 1902 na kuvunjikia hapo. Sehemu yake ya chini kabisa iko mita 12 hivi na sehemu za juu ziko karibu mita nane. Si kina cha Aruba. Lakini miezi ya maji safi, mtu anayejua kutulia juu ya maji anaiona mifupa ya chuma, matumbawe yaliyoota juu yake na samaki wanaozunguka. Akijua kubana pumzi na kushuka mita mbili tatu, anaiona vizuri zaidi.

Safari ya kwenda huko hupangwa na vituo vya kupigia mbizi vya Mji Mkongwe. Ukiwa na miwani na bomba unapanda boti moja na wapiga mbizi, na kwa kawaida unatozwa chini yao. Wale wanaouza safari za boti karibu na Forodhani huuza zaidi Changuu, kwenye kobe wakubwa, pamoja na kuogelea kwenye matumbawe ya jirani. Ni safari nzuri, ila Great Northern haimo mpaka uitaje kwa jina na ukubaliane nao kabla ya kulipa. Uliza pia kama bei ni ya boti nzima au ya kila kichwa. Watu wanne wakichanga boti moja, hesabu hubadilika sana.

Sasa nauli na karatasi, maana hapo ndipo Mombasa na Unguja zinapoachana kabisa.

Kutoka Malaba hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 900. Njia ya wengi ni basi la usiku hadi Nairobi, kisha treni ya SGR kutoka Syokimau. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500. Watoto wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Baba, mama na watoto wawili wa umri huo watalipa 4,500 kwenda, na 9,000 kwenda na kurudi kwa daraja la kawaida. Basi la Nairobi linaongezwa juu, na mwezi wa Desemba nauli zake hupanda kila anayesafiri anavyojua. Kadi ya kitambulisho inatosha. Yapo pia mabasi yanayokufikisha Mombasa bila kushuka Nairobi, lakini kwa watoto, saa tano au sita za treni baada ya usiku wa basi zinawapa nafasi ya kunyoosha miguu, na choo kiko karibu.

Kwa Unguja, anayeishi mpakani anaweza kudanganywa na mazoea yake. Sisi huvuka kwenda Tororo au Busia ya Uganda kwa kitambulisho tu, kwa kuwa Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo tangu 2014. Tanzania haimo katika mpango huo. Unahitaji pasipoti, au kwa njia ya barabara kibali cha muda cha kusafiria Afrika Mashariki. Pasipoti ya Kenya ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, kwa hiyo familia ya watu wanne isiyo na pasipoti inaanza na 30,000. Kisha kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo anayetoka Kenya au Uganda huulizwa. Kisha kuna bima: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka mgeni kutoka nje ya nchi alipe dola 44, na mtoto nusu yake. Kwa watu wanne wetu ni dola 132, yaani karibu shilingi 17,000 dola ikiwa 129. Ukijumlisha pasipoti na bima peke yake umefika 47,000, na hujakata tiketi hata moja. Pesa hizo zingeipeleka familia hiyohiyo Mombasa kwa treni na kuirudisha mara tano. Wenye pasipoti tayari wana hesabu tofauti kabisa, nao ndio ninaowafikiria ninapoisifu Great Northern.

Njia zenyewe ni tatu. Unaweza kushuka Mombasa, ukavuka Lunga Lunga hadi Tanga na Dar es Salaam. Au ukapita Nairobi na Namanga. Zote mbili zinaishia kwenye feri ya Dar, ambayo humtoza mgeni dola 35 kwa daraja la kawaida na huchukua saa mbili hivi. Njia ya tatu watu wa upande wetu huisahau. Kampala iko karibu kilomita 220 kutoka Malaba, nusu ya umbali wa Nairobi, na Uganda Airlines huruka kutoka Entebbe hadi Zanzibar. Kabla ya kulipa tiketi ya Nairobi, fungua bei ya Entebbe ya siku hiyohiyo. Mwenye shangazi au mjomba upande wa pili wa mpaka wa kumlaza usiku mmoja ameokoa pesa ya hoteli pia.

Kuna uamuzi mwingine ambao familia nyingi zingeufurahia zaidi: kuiacha meli, ukafuata matumbawe. Mbuga ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, ng'ambo ya Shimoni na Wasini, ile ya Mombasa mbele ya Nyali na Bamburi, na zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, zote zina bustani za matumbawe ambazo maji yake ni ya mita mbili hadi tano. Hapo mtoto anaona pono akitafuna mwamba, na kasa akipita. Kisite hata njiani unaweza kukutana na pomboo. Ada ya kuingia kwa raia imekuwa ya mamia ya shilingi, si maelfu, na hulipwa kwa eCitizen. Viwango vya KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, viliguswa mwaka 2025, kwa hiyo soma bei kwenye mtandao wenyewe siku unayolipa, usitegemee anayokutajia mwenye boti. Gharama kubwa ni boti. Safari ya siku nzima ya Wasini, pamoja na chakula cha kaa na samaki, huuzwa kwa maelfu ya shilingi kwa kila mtu. Uliza kama ndani yake imo ada ya mbuga, miwani na bomba, na gari la kukutoa Diani au Mombasa hadi Shimoni. Bei mbili zinazofanana zinaweza kuachana sana mambo hayo yakihesabiwa. Mombasa boti ya kioo ni nafuu zaidi, na nyanya asiyetaka kulowana anaketi na kutazama chini bila wasiwasi.

Wapo watakaouliza kwa nini tusishuke tu Sio Port au Port Victoria, ziwa liko karibu. Maji ya Ziwa Victoria hayaoneshi kitu, na kichocho kipo. Zaidi ya hayo, meli zilizozama ziwani zina majina ya watu wetu. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ilichukua mamia ya abiria, na wengi hawakutolewa kamwe. Kivuko cha Mtongwe mwaka 1994 na Spice Islander kule Zanzibar mwaka 2011 ni misiba ya namna hiyohiyo. Mahali kama hapo ni kaburi. Asipelekwe mtu kutalii hapo, hata kungekuwa na maji safi kiasi gani.

Wakati wa kwenda unaamua thamani ya kila shilingi. Kuanzia Oktoba hadi Machi, bahari hutulia na maji husafika, hasa Januari na Februari upepo wa kaskazi unapovuma. Aprili hadi Juni mvua na upepo wa kusi huichafua bahari, na baadhi ya vituo vya kusini mwa pwani hufunga. Malindi ina shida ya ziada: mto Sabaki ukifurika humwaga udongo, na maji hugeuka rangi ya chai. Shule hutufungia Desemba, wakati maji ni mazuri lakini malazi ni ghali kuliko miezi yote. Asiye na watoto wa shule aende Februari. Atapata maji bora na nafasi ya kupunguziwa bei.

Halafu kuna maji kujaa na kupwa, jambo ambalo sisi wa bara hatulizoei. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu pale Mombasa hukaribia mita nne. Meli iliyo mita nane maji yakiwa yamepwa inakuwa karibu mita kumi na mbili yakijaa, na tumeona tofauti hiyo inamaanisha nini kwa macho. Mwambie nahodha akupeleke maji yakiwa yamepwa au yametulia, na usikubali saa inayomfaa yeye tu.

Vifaa vya kukodi huwa vimo kwenye bei au huongezwa kidogo. Ukitaka chako, nunua miwani peke yake, kwa kuwa ndiyo inayotofautiana na sura za watu. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikishika bila kuanguka, inakufaa. Kioo kiwe kioo kweli, si plastiki ya vifaa vya kuchezea. Jaketi la kuokolea lisiwe la hiari kwa mtu yeyote aliyejifunzia kuogelea mtoni. Mwenye jaketi anaelea na kutazama bila kuchoka. Watoto wafanye mazoezi ya bomba kwanza kwenye dimbwi la hoteli hapa Busia, siku mbili kabla ya safari, kwa sababu woga wa pumzi ya kwanza hula nusu saa ya boti uliyoilipia. Na kwenye meli yoyote, usiingie ndani ya mabaki wala usishike chuma. Kutu hukata, kwa hiyo hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Familia ya Moding inayokwenda baharini kwa mara ya kwanza, ningeipeleka Mombasa: siku moja Ngome ya Yesu na meli ya Wareno, siku moja mbuga ya bahari ya Mombasa, na kama pesa inatosha, siku ya tatu Wasini. Watu wawili wenye pasipoti, wanaojua kuogelea na wanaoitaka meli hasa, waende Unguja kupitia Entebbe mwezi wa Februari, wakaitafute Great Northern. Dania na Funguo ziachiwe wenye vyeti. Anayelenga Desemba akate tiketi za treni mapema, kwanza za kurudi, kwa sababu viti vya kutoka Mombasa baada ya sikukuu ndivyo vigumu kupatikana kuliko vyote.